Kimo Kwanza, Magurudumu Baadaye

Gari linapokwenda kando katika barabara iliyonyooka, au tairi jipya linapoliwa upande mmoja kabla ya wakati wake, wengi husema kwamba tairi hilo ni bovu. Basi fedha za nyumbani hutolewa, tairi hubadilishwa, na baada ya miezi michache hilo jipya nalo huliwa vilevile. Mara nyingi ugonjwa haumo katika tairi. Umo katika jinsi gari lilivyokaa juu ya magurudumu yake, na jinsi magurudumu hayo yanavyoielekea barabara. Jambo hili huonekana wazi zaidi katika magari ya spoti, kwa kuwa hayo hayasamehe kosa. Mfano mzuri ni Porsche 911 ya Ujerumani.

Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Injini yake imewekwa nyuma kabisa, kupita ekseli ya magurudumu ya nyuma, hivyo mkia wake ni mzito. Dereva akiingia kwenye kona kwa kasi, kisha akaondoa mguu kwenye mafuta ghafla, uzito huhamia mbele na mkia hutaka kutangulia. Katika magari ya toleo la mwaka 1969, kiwanda kilirefusha nafasi baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa milimita 57 ili kuipunguza tabia hiyo, lakini hakikuimaliza. Magurudumu ya nyuma ya gari la namna hii yakiwa yameachana kwa mbele, hata kwa milimita chache, dereva anaweza kujikuta anaitazama njia aliyotoka.

Magari ya 911 yaliyoundwa kwa mtindo wa zamani, hadi mwaka 1989, hayana springi za kuviringika. Badala yake yana nondo za chuma zinazosokoteka gurudumu linapopanda na kushuka. Nondo za mbele hulala kwa urefu wa gari, nazo za nyuma hulala kwa kukingama. Kimo cha mbele hubadilishwa kwa kukaza au kulegeza bolti moja kila upande. Kazi ya nyuma ni ngumu zaidi. Nondo ya nyuma ina meno 40 ncha ya ndani na meno 44 ncha ya nje. Fundi akisogeza jino moja ndani kwa upande mmoja, na jino moja nje kwa upande wa pili, mabadiliko yanayobaki ni chini ya digrii moja. Kwa njia hiyo kimo hupatikana kidogo kidogo. Ionywe hapa kwamba nondo hiyo hukaa ikiwa imesokotwa kwa nguvu nyingi. Mkono wake ukifunguliwa bila kuzuiwa kwa jeki, huweza kuruka na kumvunja mtu mkono. Tena mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Sharti liegemezwe juu ya stendi imara.

Utaratibu wa kazi haubadiliki. Kwanza hewa ya tairi hupimwa, kisha bushi, boli jointi na beringi hukaguliwa, kwa maana haiwezekani kupanga kitu kinachocheza. Gari huwekwa juu ya sakafu iliyo sawa, likiwa na mafuta na mizigo yake ya kawaida. Ndipo kimo hupangwa. Kila baada ya kugusa kimo, gari husukumwa mbele na nyuma ili likae sawasawa kabla ya kupimwa tena. Kimo hakipimwi kwa kutazama bodi na tairi, kwa kuwa bodi huenda imepinda. Hulinganishwa kitovu cha gurudumu na kitovu cha nondo.

Kosa linalowapata wengi ni kupandisha kona moja tu kwa kuwa imeonekana iko chini. Mama yeyote mwenye kitanda cha miguu minne anajua matokeo yake. Ukiweka kipande cha mbao chini ya mguu mmoja, uzito huangukia mguu huo na ule ulio mkabala nao kwa mshazari, na miguu miwili mingine hubaki ikining'inia. Gari nalo ni hivyo hivyo. Likifunga breki, huvuta upande, ingawa kwa macho linaonekana limenyooka.

Baada ya kimo ndipo hufuata pembe za magurudumu. Kemba ni mlalo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele. Kasta ni mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu ukitazamwa kutoka ubavuni, nao husaidia usukani kurudi wenyewe baada ya kona. Toini ni hali ya magurudumu mawili kukaribiana kwa mbele kuliko kwa nyuma. Toini hupangwa mwisho, kwa sababu kugusa kimo, kemba au kasta huiharibu. Magurudumu ya nyuma hutangulia, kwa kuwa ndiyo yanayoamua gari lielekee wapi. Ya mbele hupangwa kuyafuata.

Pasipo mashine, kamba mbili zilizovutwa sambamba na gari, pamoja na rula, huweza kuonyesha kosa. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 60 likipinda milimita 3 kutoka ncha ya nyuma hadi ya mbele, huburutwa kando mita 5 katika kila kilomita. Katika safari ya kilomita 200, tairi hilo limeburutwa kilomita nzima. Huko ndiko mpira unakopotelea.

Kimo chenyewe hufuata kazi. Mwaka 1978 Porsche ilileta 911 katika mashindano ya Safari nchini Kenya, nayo magari hayo yalikuwa yameinuliwa hadi takribani sentimita 28 kutoka ardhini kwa sababu ya mawe na matope. Vic Preston mdogo alishika nafasi ya pili, nyuma ya Jean-Pierre Nicolas aliyeendesha Peugeot 504. Kijana anayelishusha gari lake hadi likaribie kugusa lami, kwa kupenda sura tu, hubadilisha pembe za mikono na fito za usukani. Gurudumu likipanda tuta, gari hugeuka lenyewe kabla dereva hajageuza.

Land Rover ya kazi yenye ekseli nzima mbele haina marekebisho mengi namna hiyo. Kemba na kasta zimefungwa katika ekseli yenyewe, hivyo toini ndiyo hupangwa. Hata hivyo springi iliyochoka na bushi iliyokwisha huanza kutazamwa kabla ya spana kuzigusa fito za usukani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Dereva wa kikosi anayeona tairi limeanza kuliwa upande mmoja na alipeleke gari karakana siku hiyo hiyo, maana waliopanda nyuma yake hawana usukani wa kujiokoa nao.