Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lakini Mwenyeji Ni Nani?

Kila msimu wa kaskazi uingiapo, bahari yetu hupata wageni wa namna ya pekee. Hawa hawaji kununua samaki. Wanalipa fedha ili wavue wao wenyewe, na mara nyingi samaki wakiisha kumpata humrudisha majini. Kuanzia Malindi na Watamu kwa jirani zetu wa Kenya, kupitia Mkondo wa Pemba na Nungwi, hadi Fungu Kizimkazi na Mafia, matangazo ya safari hizo hurudia ahadi moja: hata mtu ambaye hajapata kushika mshipi maishani mwake anakaribishwa, na atarudi pwani akiwa mvuvi. Ahadi hiyo ni ya kweli. Lakini hapana budi tuulize: ni nani anayeitimiza, na faida yake inakwenda kwa nani?

Tuanze na kile kinachouzwa. Wengi hudhani kinachouzwa ni chombo chenye injini mbili na viti vya kustarehe. Sivyo. Chombo kama hicho mtu yeyote mwenye fedha aweza kukinunua, akakaa juu yake kutwa nzima asipate hata kibua. Kinachouzwa ni ujuzi wa nahodha. Ni yeye ajuaye kwamba ndege wakijitupa majini kwa wingi, chini yao kuna dagaa, na chini ya dagaa kuna jodari. Ni yeye asomaye rangi ya maji mahali ambapo mwamba unakatika na kina kinaanza. Ni yeye ajuaye bamvua na maji mafu, na saa ambayo mkondo unageuka.

Yule mgeni asiyejua kitu atampeleka ndani ya mwamba, penye maji matulivu, amfundishe kutega ndoana kwa ajili ya changu. Mwenye uzoefu kidogo atampeleka ukingoni mwa mwamba kutafuta kolekole na nguru. Bingwa atamtoa nje kabisa, kwenye kilindi, wakarambaze kutwa, chambo kikikokotwa nyuma ya chombo, kumngojea nduaro. Wageni watatu wa ngazi tatu, na mwalimu wao ni mmoja. Iwapo huyo si mtaalamu, basi neno utaalamu halina maana.

Wala jambo hili si geni katika historia yetu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi akiwa na merikebu na mizinga, lakini njia ya kuvuka kwenda India hakuijua. Alivushwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi. Wanahistoria wangali wanabishana rubani huyo alikuwa nani. Jina la Vasco da Gama hawabishanii. Mwaka 1934 mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alivua samaki katika pwani ya Kenya, na hadi leo iko hoteli ya Watamu yenye jina lake. Ni nani awezaye kutaja majina ya mabaharia wa pwani waliowaongoza wageni wa zama zile? Mazoea ya kumsahau anayeongoza na kumkumbuka anayeongozwa ni ya zamani, na ni mazoea mabaya.

Juu ya biashara hii wako watu wa makundi mawili, na wote wamekosea.

Kundi la kwanza husema kuvua kwa starehe ni anasa ya matajiri, na kwamba ni aibu kwa nchi yenye watu wanaohitaji kitoweo kumwachia samaki aende zake. Hoja hiyo inasikika kuwa ya kizalendo, lakini haina hesabu ndani yake. Nduaro aliyenaswa na jarife huuzwa mara moja tu, kwa kilo, na huo ndio mwisho wake. Aliyeachiwa akiwa mzima aweza kumleta mgeni mwingine mwakani, na mwingine mwaka unaofuata. Zaidi ya hayo, wataalamu wa Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi wamekuwa wakionya kwamba nduaro wa milia anavuliwa kupita kiasi anachoweza kuzaana. Huko Watamu, shirika la African Billfish Foundation kwa miaka mingi limekuwa likiratibu kazi ya kuwatia samaki wa jamii hiyo alama na kuwaachia, ili safari zao baharini zijulikane. Ni kweli kwamba samaki anayeachiwa ovyo hufa. Ndiyo maana hutumika ndoana za mviringo, ambazo kwa kawaida hushika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa. Na ndiyo maana panahitajika nahodha mwenye mkono mwepesi. Tunarudi palepale: kwa mjuzi.

Kundi la pili ni la hatari zaidi, kwa sababu baadhi yao wamo maofisini. Hawa husema: mvuvi hana mtaji, hajui lugha za kigeni, hana hati yoyote, basi tumwachie mwenye mtaji kila kitu, naye mvuvi apate kibarua, atoe shukrani. Hiyo ni kasumba. Hatuna ugomvi na mwenye mtaji anayefuata sheria na kulipa kodi. Tunapinga utaratibu unaohesabu injini kuwa mali na ujuzi wa miaka thelathini kuwa nguvukazi ya kutwa. Injini huchakaa, ujuzi huongezeka. Kwa nini basi mwenye injini awe bwana, na mwenye ujuzi apewe bakshishi?

Uchungu wa jambo hili unaonekana wazi Mafia. Hifadhi ya bahari ya kisiwa hicho ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza katika nchi yetu. Wanavijiji waliwekewa kanda wasizoruhusiwa kuvua na zana wasizoruhusiwa kutumia. Haja ya kuhifadhi matumbawe ilikuwa ya kweli. Lakini aliyebeba gharama ya kuyatunza ndiye anayestahili kuwa wa kwanza katika faida inayotokana nayo. Kumwambia mvuvi ajizuie ili bahari ipone, kisha bahari ikipona akaribishwe mwingine kula, ni dhuluma hata ikiwa na mhuri.

Njia ya kurekebisha hali hii ipo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imetambua vikundi vya wanajamii vya kusimamia rasilimali za uvuvi. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inawapa wananchi njia ya kuunganisha nguvu zao. Serikali imekwisha kuanza kuwakopesha wavuvi boti za kisasa. VETA inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Wavuvi wa kijiji kimoja wakiwa na ushirika, boti moja imara, makoti ya kuokolea maisha ya kumtosha kila abiria, redio ya mawasiliano na manahodha wenye vyeti, watakuwa wamekoma kuwa vibarua. Kinachokosekana ni ofisa wa wilaya atakayetoka ofisini kwenda bandarini kuwaeleza wavuvi mambo hayo kwa lugha inayoeleweka, na atakayepokea maombi yao bila kuwaambia waje kesho.

Walimu nao wana sehemu yao. Tangu mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, tunajua kwamba shule haipaswi kumtenga mtoto na mazingira yake. Je, kijana wa Kilwa au Pangani anayemaliza shule anaweza kueleza kusi na kaskazi, au sababu ya bamvua? Je, amepata kuketi na nahodha mzee wa kijijini kwake na kuandika anayoyajua kabla hajafariki? Kiingereza anachofundishwa kitamfaa sana siku atakapomweleza mgeni habari za bahari yake, naye akiwa mwenye chombo. Tena, ikiwa safari hizi ni za ngazi zote, basi watoto wetu wasiopata kuuvuka mwamba nao ni wanafunzi wa ngazi ya kwanza. Wapelekwe.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji abebe ndoo ya chambo. Mgeni tunamkaribisha kwa mikono miwili. Lakini akifika ufukoni amkute mwenyeji wa kweli, yule aijuaye bahari, akiwa amesimama kwenye usukani wa chombo chake mwenyewe.