Punda Ana Kiu Hata Wakati wa Baridi

Katika maboma mengi ya Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kijiji cha Ololosokwan kikiwamo, kuna kauli inayopokewa bila kuulizwa: punda si ng'ombe, na msimu wa baridi hana haja kubwa ya maji. Anayeisema huwa na ushahidi wake. Amempeleka punda kisimani alfajiri, punda akanusa maji, akageuza kichwa. Basi hana kiu. Anafungiwa madumu mgongoni na safari ya kurudi inaanza.

Alichokiona ni kweli. Alichohitimisha si kweli, na kosa hilo huua punda.

Kauli hii inapata nguvu kutokana na masika. Wakati wa mvua punda hunywa kidogo sana na bado ananawiri, lakini sababu si ubaridi. Majani mabichi ya mwezi wa nne ni maji kwa asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake, kwa hiyo punda anayeshinda malishoni anakuwa anakunywa kila anapong'ata. Ikifika Juni mvua imekatika, baridi imeingia, na nyasi zinakauka mpaka maji yaliyobaki ndani yake ni asilimia 10 au 15 tu. Yale maji yaliyokuwa yakiingia na malisho yanatoweka wakati uleule ambao baridi inampunguzia mnyama hamu ya kunywa. Ulaya baridi huja na theluji. Kwetu huku juu, baridi ndiyo kiangazi chenyewe, na jua la saa sita linaendelea kuunguza. Anayemwangalia punda wa masika halafu akamhukumu punda wa Julai anapima vitu viwili tofauti kwa kibaba kimoja.

Ndani ya tumbo mambo ni magumu zaidi. Punda, kama farasi, humeng'enya nyasi zake kwenye utumbo mpana, na kazi hiyo haifanyiki bila maji mengi. Yakipungua, mwili huyavuta kutoka kwenye chakula kilichomo tumboni, chakula hicho hukauka, hugandamana, na mwisho huziba njia. Wafugaji wa farasi wa nchi za baridi wanalijua chango hili la majira ya baridi na wanaliogopa. Farasi akishikwa nalo hugaragara na kujipiga ubavuni, kila mtu akaona. Punda husimama tu. Anainamisha kichwa, anaacha kula, na watu wanasema leo amekuwa mvivu.

Kuhusu kukataa maji alfajiri, upo utafiti wa kufikirisha. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani, Kristula na McDonnell, walichapisha matokeo ya kuwanywesha farasi wa aina ndogo wakati wa baridi kali. Walipopewa maji yaliyopashwa moto walikunywa karibu asilimia 40 zaidi kuliko walipopewa yaliyokaribia kuganda. Maji ya Ololosokwan hayafikii kuganda, na punda si farasi. Lakini watunzaji wa punda nao wanajua jinsi mnyama huyu anavyochagua maji: yakiwa ya baridi mno au machafu huyaacha, hata kama ana kiu. Nasi tunampelekea saa ileile ambayo maji, baada ya kulala wazi usiku kucha, yamefikia ubaridi wake wa mwisho.

Hoja nzito ya upande wa pili ni uvumilivu wa punda, nami siibezi. Asili yake ni pembe kavu ya Afrika, na punda mwitu wangali Ethiopia na Eritrea. Mwanasayansi wa Kenya Geoffrey Maloiy alichapisha mwaka 1970 utafiti wake kuhusu matumizi ya maji ya punda wa Kisomali, na tafiti za aina hiyo zimeonyesha kwamba punda anaweza kupoteza maji hadi robo ya uzito wake na zaidi, kisha akarudisha sehemu kubwa kwa kunywa dakika chache. Huo ni uwezo wa ajabu. Ila unatueleza anachoweza kustahimili, hautuelezi anachohitaji. Punda aliyekaukiwa hupunguza kula, na punda asiyekula huanza kuyeyusha mafuta yake mpaka yakajaa kwenye damu. Hali hiyo humuua upesi, hasa jike mwenye mimba au anayenyonyesha.

Anayedhani baridi huondoa kiu kwa wanyama wa jamii hii amtazame jirani yetu punda milia. Mwezi wa saba na wa nane, katikati ya baridi, makundi ya Serengeti yanakuwa yamesogea kaskazini kuelekea Mto Mara, kwa sababu huko maji hayakauki.

Najua jibu la akina mama, maana wao ndio wenye punda na wenye kazi: maji ni ya shida, na kuni za kuchemshia birika la mnyama zitatoka wapi? Hakuna anayehitaji kuni. Jua la Julai linatosha. Maji yakimwagwa kwenye birika asubuhi na punda akaletwa saa sita au saa saba, baridi imeshakatika. Anayelazimika kuteka alfajiri amwachie punda fungu lake bomani alinywe mchana, akiwa amepumzika na amefunguliwa mzigo. Fungu hilo ni kati ya lita 10 na 25 kwa siku. Madumu mawili tu ya lita 20 yanayofungwa mgongoni mwake ni lita 40. Kumnyima mbebaji sehemu ya alichobeba hakuokoi maji, kunapoteza punda.

Chumvi ya kulamba husaidia kumtia hamu ya kunywa, mradi maji yawepo. Chumvi bila maji humzidishia madhara.

Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, na ilikuwa haki. Inaniuma kwamba mnyama tuliyemkinga na kisu cha mfanyabiashara anaweza kufa bomani kwetu kwa tumbo kukauka, tena kwa imani kwamba hakuwa na kiu.

Kwa hiyo msimu huu tuangalie kinyesi kabla ya kuangalia kitu kingine. Kikiwa kidogo, kikavu, kigumu, au kisipoonekana kabisa, na fizi zikawa kavu zinanata kidoleni, asibebeshwe mzigo. Apewe maji yaliyokatika baridi, na afisa mifugo aitwe siku hiyohiyo. Kusubiri apone mwenyewe kwa sababu punda ni mvumilivu ni kuupa ugonjwa siku ambazo yeye hana.