Biharusi Anapigiwa Kompyuta, Ngoma Ziko Chamwino



Leo hatuandiki habari za singo wala bei za kupamba ukumbi. Tuna hasira, na tumeikalia hasira hii tangu turudi Dodoma kwenye harusi ya mdogo wetu. Kaolewa na kijana wa Kirangi, kwao Kondoa, na mwenye kuijua Kondoa anajua kuwa kule Uislamu ni wa siku nyingi na dufu si kitu cha kuazima. Tulivuka na boti ya asubuhi, Dar tukapanda treni, tukaingia Dodoma na udi wetu, vikuba vyetu na piku ya kumaliza miguu ya biharusi. Tulipokewa vizuri, Mungu awalipe. Mlenda tulikula mpaka tukauzoea.

Usiku wa wanawake, upande wa bwanaharusi walikuja na mashangazi na mabibi zao, na pamoja nao majirani wa Kigogo kutoka upande wa Chamwino, wamebeba ngoma zao. Wamejipanga, wamejifunga kanga, wamengojea tangu magharibi. MC akawapa dakika tatu. Dakika ya pili haijaisha, fundi mitambo akapandisha wimbo wa kompyuta juu yao. Bibi mmoja aliendelea kupiga. Tulimuona mikono inakwenda, lakini sauti haisikiki. Mwisho akailaza ngoma chini, akaitandikia kanga kama unavyomfunika mtoto aliyelala, akakaa.

Asubuhi yake tulikuwa jikoni tunachambua mchele na redio imewashwa. Tukazungusha kituo hadi kituo. Wimbo uleule wa ukumbini tuliusikia mara tatu kabla ya adhuhuri. Hatukusikia hata mahali pamoja ambapo mkono wa mtu umegusa ala pale studio, muda ule, sisi tukisikiliza. Hapo ndipo tulipofahamu kuwa yule MC hana makosa ya peke yake. Adabu ile kaifunza redioni. Kijana anayekua Dodoma leo anaambiwa kila siku, toka alfajiri mpaka usiku, kwamba muziki ni kitu kinachotoka kwenye kompyuta, na mtu mwenye ala mkononi ni wa kupewa dakika tatu wageni wakisubiri chakula. Ukumbi unaiga redio. Ukitaka kuusahihisha ukumbi, anza na redio.

Kwa hiyo tunadai, wala hatuombi. Vituo vya redio vya Dodoma vitoe saa moja kila wiki, mubashara, kwa wapigaji wa uwanda wa kati: ala zao, sauti zao, na mtangazaji anyamaze.

Wengi wenu mliopo Unguja na Pemba mtauliza, kwani Dodoma kuna nini? Sisi pia tuliwahi kudhani Dodoma ni Bunge, vumbi na zabibu. Wagogo wana ilimba, ala ya vyuma vilivyopangwa juu ya sanduku la mbao, inayopigwa kwa vidole gumba, na ilimba kubwa ina vyuma kwa makumi. Wana zeze, nyuzi zake zinasuguliwa kwa uta na kibuyu ndicho kinachozivumisha. Wana namna ya kuimba sauti nyingi kwa pamoja ambayo wataalamu wa muziki wametoka Ulaya kuja kuisomea vijijini. Na wana muheme, ngoma ndefu zenye kiuno chembamba kama cha saa ya mchanga. Wapigaji wa muheme ni wanawake. Ngoma hushikwa kati ya magoti, mmoja anashikilia mdundo, mwenziwe anaujibu, na kiongozi wao anaamua palepale lini wabadilishe.

Kutoka huko ndiko alikotoka marehemu Hukwe Zawose, ambaye Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, kisha akawa mmoja wa walimu wakubwa wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ile ambayo sasa ni TaSUBa. Albamu yake ya Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996 na Real World. Alifariki Desemba 2003. Katika kundi la ukoo ule, wanawake kwa miaka mingi walikuwa nyuma, wakiitikia na kupiga ngoma. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wakaja mbele wenyewe, wakijiita The Zawose Queens, na mwaka 2024 wakatoa albamu yao Maisha. Nayo pia Real World, nayo pia Uingereza.

Rudini nyuma zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine yake ya kurekodi, akawarekodi Wagogo. Kanda zile ziko Afrika Kusini. Yaani mjukuu wa Kigogo akitaka kuwasikia wazee wake wa 1950 aelekee kusini, akitaka kuwasikia shangazi zake wa 2024 aelekee Uingereza, na akifungua redio ya mjini kwake anakutana na tangazo la mkopo. Jamani.

Wala msidhani redio haiwezi. Radio Tanzania Dar es Salaam katika miaka ya sabini na themanini ndiyo ilikuwa studio ya nchi. Bendi ziliingia pale na magita yao, zikapiga, zikarekodiwa. Mafundi wa redio walikwenda hadi vijijini kuchukua ngoma. Vifaa vyao vilikuwa duni kuliko simu iliyomo mkobani mwako. Walichokuwa nacho ni imani kwamba kumleta mpigaji mbele ya kipaza sauti ndiyo kazi ya redio.

Sisi wa visiwani ndio wa mwisho wa kuambiwa habari hizi, maana tunazijua nyumbani. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kuimba kwa ajili ya santuri za HMV, mwanamke wa Fumba, binti wa watu masikini, na Kiswahili chake kikasikika pwani nzima. Ikhwani Safaa wapo tangu 1905. Mama zetu walikuwa wakisikiliza Cairo, na Cairo ilikuwa na Umm Kulthum, Alhamisi ya kwanza ya mwezi, moja kwa moja kutoka jukwaani, miaka kwa miaka. Ubeti mmoja aliweza kuurudia mara nyingi, na hakuna mara mbili zilizofanana, kwa sababu alikuwa akiwasikiliza waliokuwa wakimsikiliza. Huo ndio utamu wenyewe. Mpigaji wetu wa udi au kanuni akianza taksim hajui atamalizia wapi. Mpigaji wa zeze wa Chamwino ni hivyohivyo. Hasomi karatasi. Anaangalia uso wako, anasikia mtu akicheka nyuma, anageuza. Ukimrekodi mara moja halafu ukarudia kanda ileile miaka ishirini, umehifadhi jioni moja ya maisha yake na umemfungia mlango wa zilizobaki.

Sasa tuje kwenye lile ambalo shoga mmoja katuandikia mara tu tuliposema tutaandika habari hii. Kasema: nyinyi ni ukurasa wa dini, mnadai muziki redioni?

Hatutoi fatwa hapa. Kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafi inaruhusu dufu na inakataza nyuzi, na wapo maulamaa wengine wenye kauli nyingine. Muulize sheikh wako, umfuate. Anayeshika kauli ya dufu, basi nusu ya saa ile tunayodai ipewe dufu na kasida za kinamama wa Kondoa na Dodoma mjini, nao hawasikiki popote. Lakini redio isitujie na ucha Mungu wa ghafla. Kituo kinachopiga magita ya kompyuta mchana kutwa, na maneno mengine tunayaonea haya mbele ya watoto, hakiwezi kutuambia kuwa bibi wa Kigogo na ngoma yake ndiye fitina.

Na kuna hadithi ambayo kila biharusi anapaswa kuijua. Imepokewa na Bukhari kwamba Rubayyi' binti Muawwidh, alipoolewa, Mtume (SAW) alimjia asubuhi akaketi, na wasichana walikuwa wakipiga dufu na kuwataja wazee wao waliouawa Badr. Mmoja wao akateleza, akatia maneno ya kwamba yuko kati yao Nabii ajuaye yatakayokuwa kesho. Mtume hakuwafukuza wala hakuwanyang'anya dufu. Alimtaka aliache neno lile aendelee na yale aliyokuwa akiyasema kabla. Zingatieni: lilisahihishwa neno moja, palepale, na dufu likaendelea. Hilo linawezekana kwa mtu aliye hai mbele yako. Kompyuta haina masikio, ikiteleza inateleza usiku mzima na sisi tunacheza.

Kuhusu stara, redio ndiyo pazia zuri kuliko majukwaa yote. Mwanamke anapiga muheme studio pamoja na wanawake wenzake, milango imefungwa, hakuna simu inayomchukua video na kumrusha mitandaoni bila idhini yake. Kinachotoka nje ni mdundo. Mwenye kuona sauti ya mwanamke haifai, apige tu, asiimbe. Ngoma ile inajua kusema yenyewe.

Tuseme na jambo zito, tusije tukaonekana tunapamba kila cha zamani. Ngoma za wanawake kule zimefungamana na kuwafunda wasichana, kama ilivyo msondo na unyago kwetu, na katika mkoa ule kuwafunda kulikwenda pamoja na kukeketa. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai nchini tangu sheria ya 1998, na sisi tunasema ni dhulma, sheria iwepo au isiwepo. Ngoma na kisu ni vitu viwili. Wanawake wale wamekiacha kisu na wamebaki na ngoma, wanapiga kwenye harusi, kwenye mapokezi ya viongozi, kwenye tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino. Bi Kidude wetu alizitoa ngoma za unyago zikapigwa duniani, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na hatukusikia kwamba mtu kapata madhara. Ukiwanyima hawa redio kwa kisingizio cha mila mbaya, unamwadhibu aliyetubu.

Watatuambia gharama. Gharama gani? Nauli kutoka Chamwino hadi mjini hata sisi wageni tumeilipa bila kugombana. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, inamtambua mtunzi na inamtambua mpigaji, kwa hiyo wapigaji walipwe na majina yao yatajwe, badala ya kutangazwa kama "kikundi cha ngoma za asili" basi. Wasikilizaji hawataki? Wameulizwa lini? Mtu hawezi kukitamani chakula ambacho hajawahi kuonjeshwa.

Halafu mafundi mitambo wafunzwe. Ile ilimba ina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na vyuma vikipigwa utando unatoa mvumo mwembamba wa kuungurumisha, kama nyuki ndani ya chungu. Fundi asiyejua anauchukulia kuwa ni kelele za waya, anauondoa kwenye mashine yake. Ameondoa nusu ya ala. Mzee aliyemtafuta buibui yule, akaupachika utando kwa mate na subira, anafika studio anaambiwa chombo chake kibovu.

Na Chamwino si mbali na wakubwa, maana Ikulu iko hukohuko, imezinduliwa 20 Mei 2023, na aliyeizindua ni mama yetu wa Kizimkazi. Ngoma zinapigwa karibu na ua wake. Katibu Mtendaji wa BASATA, Dkt. Kedmon Mapana, ni Mgogo na ndiye mwanzilishi wa lile tamasha la Chamwino. Hakuna visingizio vya kwamba serikali haijui muheme ni kitu gani.

Lakini na sisi, mabibi harusi, tujitazame. Nani anamlipa DJ? Nani anamwambia MC "wazee wapewe dakika tatu tusichelewe"? Ni sisi. Kwenye bajeti ya yule mdogo wetu, maua ya jukwaani yalikuwa na mstari wake, moshi wa mashine ulikuwa na mstari wake, keki ina mistari miwili. Wale kinamama walitoka Chamwino wakarudi Chamwino na sahani za pilau. Tulikuwa watu wazima wengi mle ukumbini na hakuna aliyenyanyuka kumwambia fundi ateremshe sauti. Hata sisi tunaoandika haya hatukunyanyuka. Tulikuwa tunarekebisha shela.

Baada ya mfungo, inshaallah, shangazi mwengine wa familia ileile anamwoza bintiye, harusi iko Dodoma palepale. Safari hii tumepiga simu mapema. Kinamama wa muheme wamekubali kuja, nusu saa nzima, kabla ya chakula, na ujira wao uko kwenye bajeti juu ya maua. Kituo kimoja cha redio tumekiandikia barua wapeleke mtambo wao warushe mubashara, wanaume wabaki nje na gari lao, waya tu ndio uingie. Bado hawajajibu. Yule bibi aliyeifunika ngoma yake kanga alituuliza swali moja tu kwenye simu: "Na yule kijana wa spika atakuwepo?"