Sabuni ya Mawese na Soko la Ng'ambo ya Ziwa

Mazungumzo juu ya bidhaa ambazo Burundi yaweza kuziuza nchi za nje huanza na kahawa, hufuata chai, na siku hizi huishia kwenye madini. Sabuni ya kufulia ni nadra kutajwa. Huonekana ni kitu kidogo mno, kitu cha duka la mtaani, kisichostahili kuwekwa katika orodha moja na mazao makuu ya taifa. Sisi hatukubaliani na mtazamo huo. Twasema kwamba miongoni mwa viwanda vyetu vya zamani vya bidhaa za matumizi ya kila siku, hapana kilicho karibu zaidi na soko la nje kuliko kile cha sabuni ya mawese ya Rumonge. Na twasema pia kwamba soko hilo likituponyoka, halitatuponyoka kwa kukosa wanunuzi.

Wasioujua mwambao wetu yafaa waelewe kwanza hali ya mahali. Rumonge uko kilomita sabini na kitu kusini ya Bujumbura, katika nchi tambarare ya Imbo, mahali ambapo joto na mvua vimeupenda mchikichi. Kuanzia Minago hadi kupita Nyanza-Lac, msafiri wa barabara kuu namba 3 huliona ziwa upande mmoja na michikichi upande wa pili. Mji huu ulikuwa makao ya mkoa wake wenyewe tangu mwaka 2015 hadi mikoa ya nchi ilipopunguzwa kuwa 5 mwaka 2025, ukawa sehemu ya mkoa wa Burunga. Mabadiliko hayo ya ramani hayakuigusa michikichi. Wala biashara ya mafuta yake si jambo geni: Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 aliyakuta mawese sokoni, na mitumbwi ilivuka ziwa huku na huko zamani, kabla hapajakuwa na forodha wala cheti.

Lakini kuuza mafuta ni jambo moja, na kuuza sabuni ni jambo jingine. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever alitia sahihi mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi huko Kongo. Hakuyataka mafuta kwa ajili ya jikoni. Alikuwa na kiwanda cha sabuni huko Uingereza, na alitaka malighafi yake itoke mahali asipotegemea bei ya mtu mwingine. Mwafrika alikwea mti na kukata mkungu. Thamani ikaongezwa kule ambako mafuta yaligeuzwa kuwa kipande chenye jina na karatasi yake. Zaidi ya miaka 100 imepita. Kila pipa la mawese litokalo Rumonge bila kuguswa na mpishi wa sabuni ni pipa lililofuata njia ile ile, hata kama safari yake ni fupi zaidi.

Sasa tutazame wanunuzi. Ziwa Tanganyika lina nchi nne kandokando yake: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Mbele ya Rumonge, ng'ambo ya maji, ziko Uvira na Baraka. Kusini yake zaidi iko Kalemie. Upande wa mashariki iko Kigoma. Watu wa miji hiyo hufua nguo kama wafuavyo watu wa Bujumbura. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Kongo ikawa mwanachama Julai 2022. Sabuni iliyopikwa kwa mawese ya hapa hapa haina taabu ya kuthibitisha asili yake. Tena Jumuiya imeweka utaratibu mwepesi kwa wachuuzi wadogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, huweza kupita kwa cheti rahisi kinachotolewa mpakani penyewe. Mlango uko wazi, walau katika karatasi.

Kikwazo cha kwanza kiko nyumbani, nacho ni malighafi. Hapa Rumonge pana Ofisi ya Mafuta ya Mawese, iliyoundwa na Serikali, na pana vinu vidogo vya watu binafsi vilivyotapakaa vijijini. Sehemu kubwa ya mavuno hupita katika vinu hivyo vidogo, kwa sababu mkulima hupata fedha yake siku ile ile, naye hurudi nyumbani na mafuta ya kupikia. Wako wanaovilaumu vinu hivi kwa kupoteza mafuta mengi katika makapi na kwa kutoa mafuta machachu. Yote mawili ni kweli. Mkungu ukikaa siku nyingi baada ya kukatwa, au chikichi zikichubuka na kuachwa, mafuta huanza kuvunjika ndani yake na ukali huongezeka. Biashara ya kimataifa ya mawese ghafi huyakubali mafuta ambayo ukali wake hauzidi asilimia 5. Yakipita hapo, kiwanda cha kusafishia huyapunguzia bei au huyakataa.

Hata hivyo mpishi wa sabuni hana ugomvi mkubwa na mafuta machachu. Magadi makali anayoyatia, kostiki kama wayaitavyo wenyewe, huushika ukali huo na kuugeuza kuwa sabuni pamoja na mafuta mengine. Hili ndilo jambo ambalo, kwa maoni yetu, halijatiliwa maanani ya kutosha. Mafuta yale yasiyofaa kwa msafishaji, na yasiyopendeza sana mezani, ndiyo mahali pake hasa ni katika pipa la sabuni. Kuvipiga vita vinu vidogo ili kiwanda kikubwa kishibe ni kumnyang'anya mkulima soko la karibu bila kumpa jingine la hakika. Kuviunganisha na wapishi wa sabuni ni njia nyepesi zaidi.

Tena kuna kokwa. Kinu kidogo hukamua nyama ya chikichi tu, na kokwa hubaki. Ndani ya kokwa mna kiini ambacho karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, yale ambayo ndugu zetu wa Kigoma huyaita mise. Mafuta ya nyama hufanya sabuni iwe ngumu na idumu. Mafuta ya kiini huipa povu. Sabuni ya mawese matupu husafisha, lakini mama anayefua mtoni huidharau kwa kuwa haimwagi povu, naye huenda akanunua ile iliyotoka mbali. Kwa hiyo povu tunalolikosa limo katika kokwa zilizolundikana nyuma ya vinu vyetu. Kinachotakiwa ni mashine za kuvunjia, kwani kuvunja kokwa kwa jiwe, moja moja, ni kazi ya kuchosha ambayo mara nyingi huwaangukia wanawake na watoto.

Hatupendi kulificha swali ambalo msomaji mwenye jiko atakuwa tayari ameliuliza. Je, mafuta yakienda katika sabuni, na sabuni ikienda ng'ambo, tutakaangia nini? Swali hili ni la haki. Mwaka 2022 dunia nzima iliona jinsi mafuta ya kula yanavyoweza kugeuka kuwa dhahabu: vita vya Ukraine viliyazuia mafuta ya alizeti, na Indonesia ikasimamisha uuzaji wa mawese yake nje tangu mwishoni mwa Aprili hadi karibu mwisho wa Mei. Ndiyo sababu hatusemi kwamba mawese mazuri ya mezani yapelekwe kwa mpishi wa sabuni. Tunayasemea mafuta machachu, na mafuta ya kiini, ambayo leo hayamo katika chungu cha mtu yeyote. Zaidi ya hayo liko suala la mti wenyewe. Tanzania ilianzisha mwaka 2018 kampeni ya zao la michikichi mkoani Kigoma, ikiongozwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu za tenera, aina yenye nyama nyingi na gamba jembamba. Majirani wetu wanapanda, na wakivuna watautazama mwambao huu huu wa Kongo tunaoutazama sisi.

Kikwazo cha pili ni fedha za kigeni. Kila kilo 100 za mawese huhitaji kama kilo 14 za kostiki ili ziwe sabuni, na kostiki hainunuliwi kwa faranga. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi iliishusha thamani ya faranga kwa kiasi kikubwa, lakini bei ya dola mitaani iliendelea kuikimbia bei ya benki. Mtengenezaji wa sabuni hubanwa pande zote mbili: akinunua kostiki kwa dola ya mtaani, gharama hupanda, akiuza sabuni Kalemie kwa njia halali na kurejesha dola zake kwa bei rasmi, hupokea faranga chache kuliko jirani yake aliyevuka usiku. Kumlaumu huyo wa usiku ni rahisi. Lakini utaratibu unaomwadhibu mtu mwaminifu hauwezi kukuza kiwanda. Yafaa mwuza sabuni aruhusiwe kubaki na sehemu ya dola alizozileta, itoshe walau kununulia kostiki ya upishi unaofuata.

Juu ya ubora tutasema machache. Sabuni inayouzwa ikiwa bado na maji mengi hunyauka, hupinda na kupungua uzito katika duka la mnunuzi, na mwenye duka hahitaji maabara kujua kwamba amepunjwa. Wako pia wanaojaza udongo mweupe ili kipande kiwe kizito. Viwango vya Afrika Mashariki huhesabu kiasi cha mafuta kilichomo ndani ya sabuni, na alama ya ubora iliyotolewa na ofisi ya viwango ya nchi moja mwanachama inapasa kukubaliwa na nyingine. Ofisi yetu ya viwango iko Bujumbura. Mpishi wa Kizuka anayetaka alama hiyo asilazimike kufunga safari mara nyingi kwa ajili ya vipande vichache.

Njia nayo ina dosari zake. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, mwambao uliumia na nyumba za Rumonge ziliingia maji. Uhaba wa mafuta ya gari umewafanya wasafirishaji kukaa siku nyingi wakingoja. Mpaka na Rwanda ulifungwa Januari 2024. Vita vya Kivu vilifika Bukavu Februari 2025 na Uvira Desemba mwaka huo huo, na mchuuzi aliyetegemea mji mmoja tu alijikuta hana soko. Kwa sababu hiyo twaona ni hatari kuelekeza mashua zote kaskazini. Kalemie, Kigoma na hata Mpulungu ya Zambia ziko kwenye maji yale yale, na bandari ya Rumonge iko karibu nazo kuliko ile ya Bujumbura.

Kuhusu mashine za kuvunjia kokwa, hakuna haja ya kungoja kiwanda kikubwa. Mashine moja kwa kila kundi la vinu jirani, ikimilikiwa na ushirika wa wenye vinu na wanawake wanaovunja kokwa sasa, na bei ya kiini ikibandikwa mlangoni mwa kila kinu ili mkulima aisome kabla ya kupima mzigo wake, ni kazi ambayo wilaya yaweza kuianza kabla ya msimu ujao wa mavuno.