Tulikariri Klorini, Hakuna Aliyetuonya

Ndio, niliacha chuo, kwa hivyo mtasema sina haki ya kuongelea kemia. Ngojeni kwanza.

Kidato cha tatu nilikariri klorini kama wimbo: kijani-manjano, nzito kuliko hewa, inatoa rangi kwa karatasi ya litmasi iliyolowa. Nikapata alama zote. Mwaka jana, kwa bedsita yangu, nikamwaga jiki chooni, halafu nikaongeza ile asidi ya kuosha choo ndio king'ae zaidi. Kifua kikabana, macho yakawaka, nikatoka mbio. Wasee, hiyo ilikuwa klorini! Jiki ikikutana na asidi, inatoka. Na vile ni nzito, inabaki chini, palepale umeinama ukisugua.

Mbona mwalimu hakusema hivyo, hata kwa dakika moja? Kwa sababu haiulizwi kwa mtihani. Labu tulifunzwa kupita KCSE, si kuishi.

Na msiniambie eti silabasi ni ndefu. Kuna mtu kwenu anaosha choo kila Jumamosi. Mwambie leo: jiki na asidi havichanganywi. Harufu ikikukaba, toka nje kwanza.