Mapumziko ya Muuguzi: Haki ya Kisheria, Kinga ya Afya ya Akili

Na Mwandishi Wetu

MJI wa Makongolosi wilayani Chunya, mkoani Mbeya, unategemea dhahabu, na shughuli za uchimbaji hazisubiri kukuche. Ajali ya duarani, uchungu wa mjamzito na homa ya mtoto vyote humfikia muuguzi wa zamu, huku Jiji la Mbeya likiwa umbali wa zaidi ya kilomita 100.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayowahusu pia watumishi wa umma, inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Hata hivyo, inaruhusu mapumziko hayo kukatizwa endapo kazi haiwezi kuachwa bila mwangalizi au kufanywa na mwingine.

Kwa muuguzi aliye peke yake wodini, ruhusa hiyo huweza kugeuka desturi ya kila siku. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa msongo wa kazi usiodhibitiwa huzaa kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kupungua kwa ufanisi. Lugha kali ambayo wananchi huilalamikia yaweza kuwa mojawapo ya dalili hizo.

Ni vema, basi, ratiba ya zamu ikataja anayepumzika, saa yake na anayeshika nafasi yake. Jina hilo la pili likikosekana, huo ndio upungufu wa watumishi unaopaswa kufikishwa Halmashauri. Muuguzi aliyepumzika hupima dawa kwa makini, na wa kwanza kunufaika ni mgonjwa.