Kisicho na Mwenyewe Hufutwa Kwanza

Jioni ya tarehe 20 Januari 2025, saa chache baada ya kula kiapo, Donald Trump aliketi kwenye meza ndogo ndani ya ukumbi wa michezo jijini Washington, maelfu ya wafuasi wakimshangilia, akatia saini amri ya kuiondoa Marekani katika Mkataba wa Paris wa tabianchi. Alipomaliza rundo lake la amri, akawarushia watu kalamu. Miaka minne kamili kabla ya hapo, siku na mwezi uleule, Joe Biden alikuwa ametia saini waraka wa kuirejesha nchi katika mkataba huohuo, ambao Trump alitangaza Juni 2017 kwamba Marekani itajitoa. Ukitazama picha hizo tu, utadhani sera ya uchumi na tabianchi ya taifa kubwa ni kazi ya kalamu: huyu anaingia anafuta, yule anaingia anaandika upya.

Kumbukumbu za miaka kumi iliyopita zinasema vingine. Mwaka 2016 Trump aliwaahidi wachimbaji wa makaa ya mawe kwamba kazi zao zitarudi. Akafuta kanuni za Barack Obama, akateua watu wa sekta hiyo kusimamia sekta hiyo. Makaa yakaendelea kuporomoka: kutoka takriban asilimia 30 ya umeme wote wa Marekani mwaka alipochaguliwa hadi asilimia 19 hivi mwaka 2020. Gesi asilia ilikuwa rahisi zaidi, upepo na jua vikawa vinashuka bei, na kampuni za umeme zilipopiga hesabu zikafunga mitambo yao mikongwe. Kisha akaja Biden, ambaye kwenye kampeni aliahidi kuzuia uchimbaji mpya wa mafuta katika ardhi ya serikali ya shirikisho. Mwaka 2023, chini ya Biden huyohuyo, Marekani ilizalisha wastani wa mapipa milioni 12.9 ya mafuta ghafi kwa siku, kiwango ambacho hakuna nchi yoyote iliyokuwa imewahi kukifikia. Rais wa makaa aliyasindikiza makaa kaburini, na rais wa tabianchi akavunja rekodi ya mafuta.

Kwa hiyo, utawala mpya unapoingia, kumsikiliza rais anataka nini hakutoshi. Tuulize kila kipande cha sera kina nani nyuma yake: nani atapoteza kazi kikifutwa, nani atampigia simu seneta wake, nani ana kura. Ninashikilia kwamba kipimo hiki kinaeleza mengi kuliko itikadi, ingawa nacho kimewahi kuyumba, tena vibaya.

Wademocrat walilijua hilo mwaka 2022 walipopitisha ile Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei. Seneti iligawanyika 50 kwa 50, Makamu wa Rais Kamala Harris akapiga kura ya kuamua, na takriban dola bilioni 369 zikaelekezwa kwenye nishati na tabianchi. Fedha hizo hazikupitia kodi ya kaboni wala katazo. Zilipitia nafuu za kodi kwa anayejenga kiwanda, anayefunga sola juu ya paa, anayenunua gari la umeme. Hesabu yao ya kisiasa ilikuwa wazi: viwanda vikishasimama, hata mpinzani atavilinda. Na vingi vilisimama katika majimbo ya Republican. Huko Dalton, Georgia, kiwanda cha paneli za sola kimo ndani ya eneo lililomchagua Marjorie Taylor Greene. Si mbali na Savannah, Hyundai ilimwaga dola bilioni 7.6 kwenye mji mzima wa kuunda magari ya umeme. Agosti 2024, wabunge 18 wa Republican walimwandikia Spika Mike Johnson wakimsihi asiifute sheria ile kwa pupa, kwa kuwa miradi katika maeneo yao ingekwama katikati.

Ilionekana kana kwamba kinga imefanya kazi. Lakini Julai 2025 ukaja ule muswada mkubwa wa kodi ambao Trump aliuita mzuri. Ulipita Seneti kwa kura 51 dhidi ya 50, safari hii J. D. Vance akipiga kura ya mwisho, kisha ukapita Baraza la Wawakilishi 218 kwa 214, na Trump akautia saini siku ya uhuru, Julai 4. Katika Baraza hilo ni Warepublican wawili tu walioukataa: Thomas Massie wa Kentucky na Brian Fitzpatrick wa Pennsylvania. Wale wa barua waliufyata. Nafuu ya dola 7,500 kwa gari la umeme ikakoma mwisho wa Septemba, na ile ya sola za nyumbani ikakoma mwisho wa mwaka. Miradi mikubwa ya jua na upepo ikapewa hadi Julai 4, 2026 kuanza ujenzi, ama iwe inazalisha umeme kabla ya mwaka 2027 kwisha.

Kwa nini wenye viwanda walishindwa? Kwa sababu mezani palikuwa na mwenye mali mkubwa zaidi. Punguzo la kodi la mwaka 2017 lilikuwa linakwisha mwishoni mwa 2025, na kuliendeleza kulihitaji fedha. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba sheria hiyo ingeongeza nakisi kwa dola trilioni 3.4 katika miaka kumi, hata baada ya makato. Ruzuku za tabianchi ndizo zilizokuwa karibu na kisu. Hapa ndipo sera ya uchumi ilipoila sera ya tabianchi, na hakuna aliyelazimika kukanusha sayansi kufanikisha hilo. Ilitosha kutafuta hela za kuziba pengo. Waandishi wengi waliisimulia kama vita ya itikadi. Mimi naiona zaidi kama hesabu ya kodi.

Hata hivyo, tazama kilichosalia. Nafuu za nyuklia, jotoardhi na betri kubwa za kuhifadhi umeme ziliachwa zidumu kwa miaka kadhaa zaidi. Na ule mwaka mmoja wa kuanza ujenzi wa jua na upepo haukuwemo katika rasimu kali. Ulipatikana dakika za mwisho, baada ya Lisa Murkowski wa Alaska pamoja na Chuck Grassley na Joni Ernst, wote wawili wa Iowa, kukaza msimamo. Grassley ni mzee wa Republican aliyevuka miaka tisini, na ndiye aliyeasisi nafuu ya kodi ya umeme wa upepo mwaka 1992. Iowa hupata zaidi ya nusu ya umeme wake kutoka kwenye upepo, na mkulima anayekodisha kona ya shamba la mahindi kwa ajili ya mnara hupokea hundi yake kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Mkulima huyo hajawahi kujiita mwanaharakati wa mazingira. Ndiyo maana ana nguvu kuliko mwanaharakati.

Kalamu ya rais ina pahala pake pa kukata kweli, napo ni pale serikali ya shirikisho yenyewe ndiyo mwenye eneo. Bahari ni mfano bora. Mitambo ya upepo ya baharini hujengwa katika maji yanayomilikiwa na shirikisho, kwa kibali cha shirikisho, na Trump alisimamisha ukodishaji mpya siku ileile ya kwanza. Agosti 2025 serikali yake iliamuru kazi isimame katika mradi wa Revolution Wind nje ya pwani ya Rhode Island, uliokuwa umefikia asilimia 80 hivi. Mwezi uliofuata jaji wa shirikisho akaruhusu kazi iendelee. Mradi ulipona, ila mwekezaji mwingine anayepiga hesabu za miaka 25 alishasoma somo lake. Ukiniuliza, madhara makubwa ya kupokezana huku si kile kinachofutwa. Ni riba ya juu ambayo benki itadai kwa chochote kinachosubiri sahihi ya Washington.

Nako kwenye mafuta, ambako utawala huu una marafiki wengi kuliko popote? Trump alitangaza dharura ya taifa ya nishati na kuwahimiza watu wachimbe tu. Ila Aprili 2 mwaka huohuo alitangaza ushuru wa forodha kwa karibu dunia nzima, masoko yakatikisika, na nchi za OPEC na washirika wao zikaongeza uzalishaji. Bei ya mafuta ya Marekani ikashuka chini ya dola 60 kwa pipa. Kampuni za Texas zilikuwa zimeliambia tawi la Dallas la Benki Kuu ya Marekani kwamba kisima kipya kinahitaji wastani wa dola 65 hivi ndipo kilipe. Juu ya hapo, ushuru wa chuma ulipandishwa hadi asilimia 50 mwezi Juni, na kisima ni mabomba ya chuma kutoka juu hadi chini. Rais aliyetaka mafuta yawe rahisi na wachimbaji wachimbe zaidi alikuwa anataka mambo mawili yasiyokaa pamoja. Georgia nako, Septemba 4, maofisa wa uhamiaji walivamia eneo la ujenzi wa kiwanda cha betri cha Hyundai na LG na kukamata watu 475, wengi wao Wakorea waliokuja kufunga mitambo. Sera ya viwanda na sera ya uhamiaji zilikutana langoni, na ya uhamiaji ikapita kwanza.

Sasa tuje kwa kile kisicho na mwenyewe kabisa ndani ya Marekani, yaani sisi.

Julai 2013 Obama alifika Dar es Salaam, akatembelea mtambo wa umeme wa Ubungo, akaunadi mpango wake mpya wa Power Africa. Mwaka 2016 Bunge la Marekani lilipitisha hata sheria ya kuunga mkono usambazaji wa umeme Afrika, kwa kura za vyama vyote viwili. Mpango ule ulipita mikononi mwa Trump wa kwanza bila kuuawa. Mwaka 2025 ulizimwa pamoja na USAID, shirika lililoubeba, ambalo rasmi lilifunga milango Julai 1. Sheria ilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa Ohio au Pennsylvania ambaye asubuhi yake ingeharibika kwa sababu kijiji cha Singida kimekosa nguzo. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi nao Marekani ilikuwa imeuahidi jumla ya dola bilioni 6 chini ya Obama na Biden, ikalipa bilioni 2. Bilioni 4 zilizobaki zilifutwa kwa barua. Machi 2025 Marekani ikajitoa pia katika mpango wa kuisaidia Afrika Kusini kuachana na makaa. Hakuna seneta aliyekesha kwa ajili ya lolote kati ya hayo.

Hata AGOA, ile nafuu ya ushuru wa Marekani kwa bidhaa za Afrika, ambayo ni biashara wala si msaada, ilifika kikomo Septemba 30, 2025 Bunge likiwa halijaihuisha, na nguo za Kenya zilikuwa tayari zimeshabebeshwa ushuru mpya wa asilimia 10, sawa na bidhaa za Tanzania. Viwanda vya Athi River na Mombasa vina mafundi cherehani maelfu kwa maelfu, na hakuna hata mmoja mwenye kadi ya kupigia kura huko.

Linganisha na vilivyosalimika. Machi 2025, benki ya Exim ya Marekani iliidhinisha tena mkopo wa dola bilioni 4.7 kwa mradi wa gesi wa Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, mradi uliokuwa umesimama tangu Palma iliposhambuliwa mwaka 2021. Mkopo wa Exim hununua vifaa na huduma za kampuni za Marekani, kwa hiyo wenyewe wako nyumbani. Reli ya Lobito, inayochukua shaba na kobalti ya Kolwezi, Kongo, hadi bandari ya Angola, Biden aliinadi ana kwa ana Desemba 2024, ikiwa na mkopo wa Marekani wa dola milioni 553. Mrithi wake hakuitupa. Jana iliuzwa kama njia ya madini ya nishati safi, leo inauzwa kama njia ya kuipiku China; mataruma ni yaleyale.

Wakati huohuo paneli za sola zinaingia Afrika bila kusubiri kikao cha yeyote. Katika miezi kumi na miwili hadi Juni 2025, China ilituma barani kwetu paneli zenye uwezo wa takriban megawati 15,000, ongezeko la asilimia 60 hivi kwa mwaka mmoja. Anayezifunga juu ya paa la duka Kariakoo au Gikomba ameangalia bei ya jenereta na bei ya betri. Jina la Waziri wa Nishati wa Marekani halimhusu, na pengine halijui.

Watunga mipango wetu, kwa bahati mbaya, wanalijua mno. Mchango wa Kenya katika Mkataba wa Paris, uliowasilishwa mwaka 2020, uliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 32 ifikapo 2030 kulinganisha na hali ya kutochukua hatua, pamoja na kuhimili athari za tabianchi, kwa gharama ya jumla ya dola bilioni 62, Kenya yenyewe ikibeba asilimia 13 tu. Asilimia 87 zilikuwa za wengine. Jedwali la aina hiyo lilihitaji safu moja zaidi: kwa kila dola inayotarajiwa kutoka nje, nani katika nchi inayotoa atapata hasara ikisitishwa. Palipo na jina la kiwanda, bandari au kampuni ya bima, mradi unaweza kuingizwa kwenye bajeti, kwa tahadhari. Pasipo na jina lolote, utafutiwe fedha za ndani au upunguzwe ukubwa tangu sasa, kabla ya Novemba 2028 na kabla mtu mwingine hajaketi kwenye meza ile na kalamu zake.